KOPI NA KUPESTI: BONGO FLEVA INAUZA SURA ZA WENZAKE, SAUTI YAKE IKO WAPI?



Kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni. Wiki mbili kabla ya kuachia ngoma mpya alikuwa anawapandisha watu presha mitandaoni. Jumatatu kaachana na mpenzi wake. Jumatano kafuta picha zote Instagram. Ijumaa kajirekodi ndani ya gari analia, miwani nyeusi usoni, hasemi neno. Mashabiki wakashika vichwa. Chawa wake wakaandika "tumuombee kaka, anapitia magumu." Wiki iliyofuata ngoma ikatoka, na yule mpenzi aliyeachwa yumo kwenye video anakata mauno. Kumbe kilio chote kile kilikuwa tangazo.

Sasa sikiliza ngoma yenyewe. Besi imetoka Johannesburg. Lafudhi imetoka Lagos, mpaka Kiswahili kinatamkwa kama cha mtu aliyeungua ulimi na chai. Kiitikio kimechotwa kwenye wimbo wa dansi wa zamani, ule ambao bibi yako akiusikia redioni anaacha kuchambua mchele. Video jumba la kukodi, magari ya kukodi, madensa wanarudia staili walizoziona TikTok wiki iliyopita. Kitu pekee cha msanii mwenyewe humo ndani ni jina lake, na amehakikisha analitaja mwanzoni, katikati na mwishoni.

Chini ya video, komenti ya kwanza: "Hii mbona kama nishaisikia?" Komenti ya pili inamjibu: "Acha wivu, mwanetu anatafuta hela."

Usihangaike kumtafuta huyo staa ni nani. Si mtu mmoja huyo, ni foleni. Na hizo komenti mbili ndiyo ugomvi mzima wa burudani ya Bongo kwa sasa. Wa kwanza ana masikio mazuri. Wa pili anajua kodi ya nyumba inauma. Lakini wote wawili kuna kitu wamekiruka, na hicho ndicho kinachoua muziki.

KUKOPI HAKUKUANZA JANA

Kabla mtu hajaanza kulia kwamba "wazee wetu walikuwa na muziki wao halisi, vijana wameharibu," arudi kwanza darasani.

Taarab ilivyoanza kupigwa kwenye majumba ya masultani Zanzibar ilikuwa mali ya Misri, vyombo vya Misri na lugha ya Kiarabu. Akatokea Siti binti Saad, mtoto wa shamba, akaiimba kwa Kiswahili. Akaimba habari za mitaani, dhuluma za wakubwa na kesi za mahakamani. Mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri. Je, alikopi? Mtindo ndiyo, aliuchukua. Lakini alipomaliza nao, Mmisri mwenyewe asingeutambua.

Muziki wa dansi nao uliletwa na santuri za Kuba, baadaye ukanyonya sana kutoka Kongo. Kule Mombasa, Juma Bhalo alichukua nyimbo za sinema za Kihindi, akabaki na melodi, akaweka mashairi ya Kiswahili yaliyopimwa vina na mizani. Waliokuwa wanamsikiliza walijua kabisa filamu ipi melodi imetoka. Hawakujali, kwa sababu walikuja kusikia mashairi.

Na Bongo Fleva yenyewe? Hapa ndipo watu wengi wanashikwa na butwaa. Mwaka 1991 Saleh Jabir alishinda shindano la Yo! Rap Bonanza jijini Dar es Salaam. Alirap nini? Alirap Kiswahili juu ya biti ya Ice Ice Baby ya Vanilla Ice. Na hiyo Ice Ice Baby yenyewe besi yake ilitoka kwenye wimbo wa Queen na David Bowie. Yaani moja ya hatua za mwanzo za rap ya Kiswahili ilikuwa kopi ya kopi.

Lakini angalia kilichofuata. Kijana alionesha kwamba Kiswahili kinakaa juu ya biti. Wenzake wakauliza: kama kinakaa, tuseme nini? Miaka 10 baadaye, mwaka 2001, Professor Jay anaachia Ndio Mzee, mwanasiasa anamwaga ahadi za uongo na wananchi wanaitikia. Wimbo ule usingeweza kuandikwa Marekani wala kwingine. Umejaa mikutano ya kampeni ya Tanzania kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kopi ya 1991 ilikuwa ngazi, watu wakapanda wakafika juu ya ukuta.

Kwa hiyo tatizo la yule staa jina kapuni si kwamba amechukua. Kila mtu amechukua. Tatizo ni kwamba amechukua, hajaongeza hata chumvi, akasimama hapo hapo kwenye ngazi anapiga selfi.

BIASHARA NAYO HAIKUANZA JANA

Kuna wale wengine wanaosema zamani wanamuziki walipiga kwa mapenzi, siku hizi ni pesa tu. Hiyo nayo hadithi ya kubembelezea watoto.

Bendi za dansi zilikuwa biashara tupu. Kulikuwa na kiingilio mlangoni, bia zinauzwa ndani, na bendi isiyojaza ukumbi ilikufa njaa. Wanamuziki walinunuliwa kama wachezaji wa Simba na Yanga. Mwimbaji analala bendi hii, anaamka bendi ile, mashabiki wanabaki wanatukanana.

Sasa jiulize, biashara ile ilizaa nini? Ilizaa mitindo. Kila bendi ilikuwa lazima iwe na mtindo wake, wenye jina lake. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964 na baadaye ikawa JUWATA kisha OTTU, walikuwa Msondo. Mlimani Park, iliyozaliwa 1978, walikuwa Sikinde. Safari Sound walikuwa na Ndekule. Vijana Jazz walikuwa na Pamba Moto. Maquis walikuwa na Kamanyola. Wote hao walikuwa wanapiga muziki wa ukoo mmoja, gitaa tatu, trampeti, ngoma. Lakini mlevi aliyesimama nje ya ukumbi, hata bila kuona bango, angekwambia ndani yumo nani.

Kwa nini? Kwa sababu mteja alikuwa na nauli moja na kiingilio kimoja kwa wikiendi. Kama Msondo na Sikinde wanafanana, ataingia kokote, na bendi moja itakufa. Kufanana kulikuwa hasara. Ukimkopi jirani yako kila kitu, mteja anakwenda kwa jirani mwenyewe.

Hapo ndipo penye jibu ambalo wengi hawalitaki: biashara peke yake haiui ubunifu. Zamani biashara ilimlipa aliye tofauti. Siku hizi biashara inamlipa anayefanana.

NANI ALIGEUZA MEZA?

Fuata pesa, utaona.

Leo mtu hatoki nyumbani kwenda kumtafuta msanii. Simu ndiyo inamletea. Na simu ina akili moja tu: ulichokipenda jana, leo nakuletea kinachofanana nacho. Ukicheza amapiano moja, inakuja ya pili, ya tatu, ya kumi. Ngoma inayofanana na zile kumi inapanda kwenye mkokoteni huo huo bila kusukumwa. Ngoma isiyofanana na chochote, simu haijui impelekee nani. Inabaki na watazamaji wake 900, wengi wao ndugu wa msanii.

Prodyuza anaona hilo. Mteja akiingia studio hasemi "nataka kueleza jambo hili." Anatoa simu anasema "nitengenezee biti kama hii." Prodyuza naye ana bili ya umeme, anatengeneza. Kesho anakuja mwingine na simu ile ile na wimbo ule ule. Baada ya miezi mitatu nchi nzima inadunda besi moja, na wasikilizaji wanashindwa kujua wimbo umeisha au umeanza mwingine.

Kuna lebo nazo. Lebo inamlipia msanii video, nguo, nyumba na promo. Hizo hela si zawadi, ni deni, zitakatwa kwenye mapato yake mpaka ziishe. Mwenye deni lake hataki kubahatisha. Akiletewa wimbo usio wa kawaida anauliza swali moja: "Kuna nani mwingine kafanya hivi ikahit?" Kama jibu ni hakuna, wimbo unaingia kwenye droo. Swali hilo ukilitafakari vizuri lina maana moja tu: hapa hatutoi kitu mpaka wengine wakitoe kwanza.

Halafu dili za ubalozi. Kampuni inayomtaka msanii kwenye bango la barabarani inataka mtu asiyemkera yeyote. Mashairi ya kumuuliza mwanasiasa maswali hayauzi soda. Ndiyo maana mapenzi, pombe na "wabaya wangu wanaona wivu" vimekuwa mada tatu za taifa.

Usidhani ni Bongo tu. Hollywood, wenye hela za kumwaga, wamo kwenye ugonjwa huo huo. Mwaka 2019 Disney waliirudia The Lion King yao ya mwaka 1994, sehemu kubwa tukio kwa tukio, na dunia ikawalipa zaidi ya dola bilioni 1.6. Bosi gani ataona hesabu hiyo halafu ahatarishe hela kwa hadithi mpya? Anayesema wanakosea, kwa upande wa kalkuleta, hana hoja.

Lakini Disney walikuwa wanarudia mali yao. Bongo inarudia mali ya watu. Hapo hesabu inakataa, twende taratibu.

ANAYEKOPIWA NDIYE ANAYELIPWA

Promota wa London ana ukumbi na anataka kuujaza watu wanaopenda Afrobeats. Ana namba ya msanii wa Lagos na namba ya msanii wa Dar anayejitahidi kusikika kama wa Lagos. Atampigia nani? Huhitaji digrii. Atampigia wa Lagos, na wa Dar atampigia siku wa Lagos akiumwa.

Angalia Grammy. Mwaka 2024 walitoa kwa mara ya kwanza tuzo ya wimbo bora wa Kiafrika. Nyimbo tano ziliingia, zote za wasanii wa Nigeria na Afrika Kusini. Alishinda Tyla wa Afrika Kusini na wimbo wa Water. Afrika Mashariki nzima ilikaa sebuleni ikitazama.

Bongo wakajibu vipi? Baadhi wakaongeza Kiingereza, wakaongeza ile besi inayodunda kama gogo, wakaongeza lafudhi. Yaani mwanafunzi aliyefeli kwa kunakili anaamua mwakani atanakili kwa bidii zaidi.

Wakati huo huo, moja ya nyimbo tano zile ilikuwa ya Asake na Olamide wa Nigeria, na jina lake lilikuwa Amapiano. Mnaijeria kachukua mdundo wa watu wa Afrika Kusini, hata jina hakuficha! Sasa mbona hakuna aliyecheka? Kwa sababu Asake alikuja na Kiyoruba chake, na ile namna ya kuitikia kwa sauti za kundi inayokumbusha fuji ya kwao. Ukiusikia unajua umetoka wapi. Alikopi kama Siti alivyokopi.

Na hao wa Afrika Kusini wenyewe waliipataje amapiano? Hawakupewa na bosi yeyote. Ilitoka mitaa ya watu wa kawaida kule Gauteng, katikati ya miaka ya 2010. Vijana na kompyuta zao walichanganya hausi, kwaito na jazi, wakagawana nyimbo kwa simu na kwenye teksi. Hakuna aliyewauliza "nani mwingine kafanya hivi ikahit?"

Bongo ina kitu cha namna hiyo? Kipo, na kiko karibu kuliko watu wanavyodhani.

Singeli. Imezaliwa uswahilini Dar, Manzese, Tandale, Mburahati, kwenye vigodoro ambako shughuli inaanza usiku na majirani hawalali. Na singeli imetengenezwa kwa nini? Kwa vipande vya taarab! Watoto wa mtaani walichukua vinanda vya taarab ya mama zao, wakavikata, wakavizungusha, wakavikimbiza mpaka midundo zaidi ya 200 kwa dakika, wengine wanafika 300, halafu mtu akashika maiki akaanza kumwaga maneno ya mtaa wake. Ni muziki wa kukopi asilimia mia, na duniani kote hakuna kinachofanana nao.

Je, wenye mji waliupokea vipi? Waliuita muziki wa wahuni. Baadhi ya mastaa waliokuwa wanaruka Lagos kila mwezi kutafuta kolabo walikuwa wanapita Mburahati na vioo vya gari vimepandishwa. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ndiyo ikaja kukusanya kazi za studio ya Sisso iliyoko Mburahati na kuzitoa kwa dunia. Baada ya hapo vijana wa singeli wakawa wanaitwa kupiga kwenye matamasha ya Ulaya. Hawakuitwa kwa Kiingereza chao. Waliitwa kwa sababu ukitaka singeli huna pengine pa kwenda. Ni ile ile hesabu ya Msondo na Sikinde.

Sasa hivi singeli inasikika hata kwenye kampeni na harusi za wakubwa, na mastaa wale wale wanaichovyachovya. Vizuri. Ila walisubiri mpaka mgeni awaambie chakula cha nyumbani kwao ni kitamu.

WAZEE WAMEGEUZWA GHALA

Turudi kwenye kile kiitikio cha dansi kilichochotwa na staa jina kapuni. Hapa utani unaisha.

Nyimbo nyingi za bendi zile zilirekodiwa studio za Radio Tanzania. Kanda zikabaki pale, wanamuziki wakarudi nyumbani. Wengi wamezeeka bila kitu cha maana kutokana na nyimbo ambazo nchi nzima inazijua kwa moyo. Leo nyimbo hizo zimekuwa ghala lisilo na mlinzi. Msanii akikosa melodi anaingia, anachukua, anatoka. Akiulizwa anajibu kwa sura ya ukarimu: "Nimewaenzi wazee wetu."

Kumuenzi mzee ni nini? Kwenye maelezo ya wimbo YouTube kuna jina la mpiga picha, mshona nguo, mpaka aliyepaka rangi nywele. Jina la aliyetunga melodi halipo. Huko si kuenzi. Mtaani kuku akichukuliwa hivyo huwa watu wanaita mwizi.

Na sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Inampa pia haki ya kutajwa kwamba kazi ni yake. Chukua mfano wa Mbaraka Mwinshehe, gwiji wa Morogoro Jazz na Super Volcano. Alifariki kwa ajali ya gari Kenya mwaka 1979, akiwa na miaka 34 tu. Piga hesabu: 1979 ongeza 50 unapata 2029. Kazi alizotunga yeye bado zina mwenyewe, na wenyewe ni familia. Kusema "ni wimbo wa zamani" si kibali.

Jina linapopotea, kulipata tena ni kazi. Wimbo wa Malaika umeimbwa na Miriam Makeba, Boney M na watu wasiohesabika. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi mapema na kujulikana nao, lakini mpaka leo watu wanabishana kama ni yeye aliyeutunga au ni Adam Salim. Wote wawili hawapo tena kuamua ugomvi. Kule Afrika Kusini ni kibaya zaidi. Solomon Linda alirekodi Mbube mwaka 1939, haki zake zikaenda kwa shilingi 10. Wamarekani wakaugeuza kuwa The Lion Sleeps Tonight, ukashika namba moja, ukaja kuingia hadi kwenye filamu ya The Lion King. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Familia yake ilienda mahakamani mwaka 2004 na kupata makubaliano mwaka 2006, miaka 44 baada ya mzee kuzikwa.

Watu wa Afrika husikia habari ya Linda wakawalaani wazungu. Sawa, walaaniwe. Lakini staa wa Dar anayemfanyia hivyo hivyo mpiga gitaa wa Dar, aliye hai, anayekaa safari moja ya daladala kutoka studio, huyo aitweje?

"ACHA WIVU, ANATAFUTA HELA"

Sasa turudi kwa komenti ya pili, kwa sababu ina ukweli na haifai kupuuzwa.

Msanii ana njaa kama watu wengine. Ametoka familia ambayo yeye ndiye benki. Mama anaumwa, mdogo wake anataka ada, mjomba anataka mtaji wa bodaboda. Umaarufu wa Bongo unaisha haraka kuliko bando. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "kuwa mbunifu, jaribu kitu kipya, subiri miaka mitano," anaona unamtania. Kopi inalipa mwezi huu. Ubunifu hautaji tarehe.

Hiyo ni kweli tupu. Lakini malizia hesabu. Kopi inalipa mwezi huu kwa sababu mdundo unavuma mwezi huu. Mwezi ujao unavuma mwingine, na vijana 100 wapya wanaoweza kukopi kwa bei ndogo wapo mlangoni. Msanii asiye na sauti yake hana kitu ambacho kijana wa nyuma yake hawezi kukifanya. Lebo inalijua hilo, ndiyo maana ikifika siku ya kuzungumzia mkataba, msanii wa kopi hana ubavu wa kubishana. Atakayemjibu jeuri ataambiwa "mlango ule pale," na wiki hiyo hiyo atawekwa mwingine mwenye nywele zile zile.

Ukitaka ushahidi, kumbuka wasanii uliokuwa unawasikia miaka 10 iliyopita. Waliobaki kichwani mwako ni wale ambao ukisikia sekunde tatu tu unasema "huyu ni fulani." Wale waliokuwa wakali wa kuiga mdundo uliokuwa unavuma, hata majina yao unayatafuta.

Kwa hiyo anayesema "anatafuta hela" anapaswa kuwa wa kwanza kukasirika. Kopi ni hela ya mkopo wa kausha damu: unaipata asubuhi, jioni wameshachukua godoro.

NA WEWE UNAYESOMA HUTOKI SALAMA

Ni rahisi kumtupia mawe staa jina kapuni. Lakini nani alimfundisha?

Msanii anapotoa kitu tofauti, komenti zinakuja kama mvua: "kapotea," "kashuka," "arudi kwenye zile zake." Akitoa kopi ya wimbo wa Naija: "hii level nyingine, kimataifa!" Kimataifa imekuwa na maana ya kufanana na mtu mwingine. Anapolia ndani ya gari kwa kiki, watu milioni wanatazama. Anapokaa na gitaa anaimba jambo la maana, wanatelezesha kidole. Halafu mashabiki hao hao wanaandika "Bongo Fleva imekufa." Wanalia msibani na jembe la kaburi liko mikononi.

Dawa si kupiga marufuku kurudia nyimbo, wala kurudisha gitaa za mwaka 1978. Yanatakiwa mambo matatu tu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti ya serikali.

La kwanza, TAJA. Umechota melodi ya mtu, jina lake likae kwenye maelezo ya wimbo, juu, si chini ya jina la mshona nguo. Watangazaji wa redio waulize hewani: kiitikio hiki ni cha nani? Wakiuliza wiki tatu mfululizo, wasanii watajifunza.

La pili, LIPA. Mzee yupo, familia ipo, COSOTA ipo. Staa anayeweza kukodi magari matano kwa video ya dakika tatu hawezi kusema hana hela ya mtunzi.

La tatu, ONGEZA. Hili ndilo kubwa. Chukua amapiano, chukua Afrobeats, chukua taarab ya bibi, chukua chochote. Lakini ukimaliza, aliyekuwa nacho kabla yako akisikia ashangae. Siti aliweza bila YouTube. Saleh Jabir aliweza. Watoto wa Mburahati wameweza na kompyuta iliyopasuka kioo. Staa mwenye prodyuza wanne na meneja wawili ana kisingizio gani?

Hivi sasa kuna dogo mahali fulani Dar, Mwanza au Tanga ana wimbo kwenye simu yake usiofanana na chochote. Ameupeleka studio, akaulizwa "huu ni kama wa nani?" Akakosa jibu, akaona aibu, akarudi nyumbani. Kesho atarudi na biti ya kukopi ili asichekwe. Kila dogo wa aina hiyo anayekubali, Msondo mmoja umekufa kabla ya kuzaliwa, na hakuna atakayetangaza msiba.

Haya, uwanja ni wenu. Msanii gani wa Bongo ukimsikia sekunde tatu tu unamjua bila kuangalia jina? Na ngoma gani umegundua imechotwa kwa mzee ambaye hakutajwa? Dondosha komenti hapo chini, na ukimtaja mkopi, mtaje na aliyekopiwa. Matusi hapana, hoja tu.